Alama ndogo ya hesabu na hewa ya mapafu yako



Mara nyingi pahali hapa tunazungumza juu ya kasike, viatu, vumbi na maji ya kunywa. Leo tunazungumza juu ya hesabu. Usigeuze ukurasa! Hesabu hii haikai katika ofisi tu. Inashuka pamoja nawe chini ya udongo, kwa sababu ndiyo inayosaidia kupanga wakati gani unaweza kurudi pahali pa kazi nyuma ya baruti kupasuka.

Zamani hesabu ya hewa ya mugodi iliandikwa kwa kalamu na karatasi. Siku hizi, katika migodi mingi ya dunia, mainjeniere wanaifanya kwa ordinatere, na programu ya kuiga mambo. Maana ya kuiga ni hii: mbele ya kufanya jambo kwa kweli, unalifanya kwanza ndani ya ordinatere ili uone litakwenda namna gani. Vantilatere ikizimika, itakuwa nini? Bomba la hewa likipasuka, gazi itakaa muda gani? Ni heri kukosa ndani ya ordinatere kuliko kukosa ndani ya mugodi.

Lakini ordinatere haijui ulitaka kusema nini. Inafanya yale uliyoandika, basi. Alama moja ndogo ikikosewa, jibu linakuwa lingine, na kwa macho linaonekana zuri tu. Ndiyo sababu sisi wa dispansere tunataka ujue kusoma alama hizo. Si lazima uwe injeniere. Kama ulijifunza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, utafahamu yote.

VISANDUKU NI NINI?

Programu hizi zinachora kazi kwa visanduku. Inayojulikana sana ni Simulink, ya kampuni MathWorks ya Marekani. Nyingine ni Xcos, iliyo ndani ya Scilab. Hiyo ilizaliwa Ufaransa, na inapatikana bila malipo. Kwa zote mbili picha ni ileile: kisanduku, mushale, kisanduku, mushale.

Fikiri juu ya kazi ya mawe. Mawe yanatoka mugodini, yanaingia katika masini ya kuvunja, yanapita juu ya mukanda, yanaingia katika masini ya kusaga. Kila masini inapokea kitu, inakigeuza, inakitoa. Visanduku ni vilevile. Tofauti ni kwamba kinachopita juu ya mushale si mawe, ni namba. Kisanduku kimoja kinapokea namba mbili na kuzijumlisha. Kingine kinazidisha. Kingine kinauliza swali: "Namba hii imepita mupaka, ndiyo ao hapana?"

Ukitumia kisanduku kimoja kwa kila alama, ukurasa unajaa mishale kama wavu wa kuvulia samaki. Kwa hiyo kuna kisanduku cha namna nyingine, ambamo unaandika fomula nzima kwa mustari mumoja. Katika Xcos kinaitwa EXPRESSION, na namba zinazoingia ndani yake zinaitwa u1, u2, u3. Katika Simulink vilevile kuna kisanduku cha namna hiyo. Ni kizuri kwa sababu kinapunguza mishale. Kina hatari vilevile, kwa sababu alama zote zimefichwa ndani. Mutu anayeangalia picha kwa mbali anaona kisanduku safi, haoni kilichoandikwa tumboni mwake.

HERUFI PAHALI PA NAMBA

Mama akienda sokoni anajua hesabu yake: bei ya kilo moja mara kilo ngapi. Bei inabadilika kila siku, lakini namna ya kuhesabu haibadiliki. Tukiandika B kwa bei na K kwa kilo, fomula ni B × K, leo na kesho. Herufi ni kama mufuko wenye jina. Jina linakaa, na ndani unaweka namba ya siku ile. Mutu wa Ufaransa aliyeitwa François Viète aliweka mupango wa herufi katika hesabu kwa kitabu chake cha mwaka 1591, na mupaka leo dunia nzima inafuata njia hiyo.

Sasa tuchukue mufano wa mugodi. Namba hizi ni za kujifunza tu, si za pahali pako pa kazi.

Kuna njia ya chini ya udongo iliyofungwa mbele, pale watu wanapotoboa na kupasua mwamba. Upana wake ni metre 5, kwenda juu ni metre 5, kuingia ndani ni metre 60. Nafasi yake yote tunaiita V: 5 × 5 × 60, ni metre kibiki 1500. Vantilatere inaleta hewa kwa bomba kubwa la kitambaa. Hewa hiyo tunaiita Q: metre kibiki 10 kwa kila segonde.

Baruti imepasuka. Moshi una gazi ya monoksidi ya kaboni, ile inayoandikwa CO. Tuseme imefika 500 ppm, ni kusema sehemu 500 katika sehemu milioni moja za hewa. Tunataka ishuke mupaka 25 ppm. Ndicho kipimo ambacho wataalamu wa afya ya kazi wa ACGIH, kule Marekani, wanashauri kisipitwe kwa kazi ya masaa 8.

Gawanya V kwa Q: 1500 / 10 ni segonde 150. Katika segonde 150 vantilatere imeleta hewa ya kutosha kujaza njia ile mara moja. Je, gazi imekwisha? Hapana. Hewa mupya inachanganyika na ile mbaya, na zote mbili zinatoka pamoja. Nyuma ya segonde 150 za kwanza, gazi inayobaki ni karibu 37 kwa 100. Nyuma ya segonde 150 za pili, ni karibu 14 kwa 100. Nyuma ya zile za tatu, ni 5 kwa 100. Na 5 kwa 100 ya 500 ni 25. Tumefika. Muda wetu ni 3 × V / Q, ni segonde 450, dakika 7 na nusu.

Angalisho! Hii ni hesabu ya hewa inayochanganyika vizuri kabisa. Katika mugodi wa kweli kuna kona ambazo hewa haifiki, na gazi inajificha katikati ya mawe yaliyovunjika, kisha inatoka tena wakati masini inapoyachota. Kwa hiyo muda ulioandikwa katika amri ya kazi ni murefu zaidi. Usichukue dakika 7 za gazeti kwenda nazo kazini.

MABANO YANAYOLINDA UHAI

Sasa bomba la hewa limetoboka. Vantilatere inatoa metre kibiki 10 kwa segonde, lakini 4 zinapotea njiani. Hizo 4 tunaziita L. Hewa inayofika kwa watu ni Q - L, ni kusema 6. Hesabu sawa inaandikwa hivi:

V / (Q - L)

1500 gawanya kwa 6 ni 250. Mara 3 ni segonde 750, dakika 12 na nusu.

Sasa mutu wa ofisi ana haraka, anasahau mabano, zile parantezi za shule. Anaandika:

V / Q - L

Ordinatere haikasiriki, haitoi alama nyekundu. Inafuata sheria yake: kugawanya kunafanyika mbele ya kutoa. Kwa hiyo inagawanya 1500 kwa 10, inapata 150, kisha inatoa 4, inapata 146. Mara 3 ni segonde 438. Dakika 7 na kidogo.

Unaona? Bomba limetoboka, na hesabu inasema watu warudi mapema kuliko wakati bomba lilikuwa zima! Segonde 438 zikipita katika njia ile yenye bomba bovu, CO iliyobaki ni karibu 87 ppm. Ni zaidi ya mara tatu ya kipimo cha 25. Mabano mawili tu yalikosekana.

CO inafanya nini mwilini? Haina harufu, haina rangi, haichomi macho. Inaingia katika damu na kushika pahali pa oksijeni. Damu inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kupita oksijeni. Kwa kiasi cha 87 ppm mutu haanguki palepale. Anafanya kazi ngumu, masaa yanapita, kichwa kinaanza kuuma, miguu inalegea, roho inachafuka. Anafikiri ni malaria ao njaa. Na mutu aliyechoka hivi pembeni ya masini yuko katika hatari ya pili.

Basi shika utaratibu huu wa alama, ambao programu nyingi zinaufuata. Kwanza yaliyo ndani ya mabano. Kisha vipeo, kama 5 mara 5 mara 5 inayoandikwa 5^3. Kisha kuzidisha na kugawanya. Kisha kujumlisha na kutoa. Kisha maswali ya "kubwa kuliko" na "ndogo kuliko". Kisha NA. Mwisho AU. Ukiwa na shaka, weka mabano. Mabano yaliyozidi hayajaua mutu.

Alama ya kutoa peke yake inastahili macho yako. Gazi inayoshuka inaandikwa na alama ya kutoa mbele ya muda: C * exp(-t * Q / V). Ukiisahau, gazi katika ordinatere haishuki, inapanda. Ile 500 yetu ingefika karibu 10000 kwa muda uleule. Kosa la namna hii ni rahisi kuliona, kwa sababu jibu ni la ajabu. Kosa baya ni lile linaloleta jibu linalofanana na kweli, kama ile 438.

"NA" SI "AU"

Mwaka 1854 mwalimu wa Uingereza, George Boole, alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba hata ndiyo na hapana zinaweza kuhesabiwa. Ndiyo ni 1. Hapana ni 0. Visanduku vyetu vinafanya vilevile. Ukiandika u1 < 25, ordinatere inajibu 1 kama ni kweli, na 0 kama si kweli.

Moshi wa baruti hauna gazi moja tu. Kuna vilevile dioksidi ya nitrojeni, NO2, yenye rangi ya kahawia kama kutu. Hii ni mujanja. Mutu anaivuta, anakohoa kidogo, anajisikia vizuri, anarudi nyumbani. Masaa mengi yanapita, na usiku mapafu yanaanza kujaa maji. Wamama, musikie vizuri: kama bwana wako alivuta moshi wa baruti muchana, na usiku anahema kwa shida ao kifua kinambana, musingoje asubuhi. Mulete palepale, na useme kwa muganga kwamba alivuta moshi wa baruti.

Kwa hiyo, ili taa ya ruhusa iwake, sharti mambo matatu yatimie pamoja. u1 ni CO, u2 ni NO2, u3 ni oksijeni kwa 100:

(u1 < 25) & (u2 < 0.2) & (u3 >= 19.5)

Alama & katika Xcos ni NA. Katika Simulink inaandikwa &&. Ile 0.2 ni kipimo cha ppm cha ACGIH kwa NO2. Ile 19.5 ni kiasi cha chini cha oksijeni. Mugodi wako unafuata vipimo vilivyoandikwa katika amri yake, lakini namna ya kuviunganisha ni hii.

Tujaribu. CO ni 10, NO2 ni 3, oksijeni ni 20,5. Jibu la kwanza ni 1. La pili ni 0, kwa sababu 3 ni kubwa sana. La tatu ni 1. Kwa NA, zero moja inaangusha yote: jibu ni 0, taa haiwaki, watu wanangoja. Sasa weka AU, inayoandikwa | katika Xcos na || katika Simulink. Kwa AU, 1 moja inatosha: jibu ni 1, taa inawaka, na watu wanaingia katika NO2 mara 15 ya kipimo.

Kwa alarmi ni kinyume. Alarmi sharti ilie kama CO imezidi AU NO2 imezidi AU oksijeni imepunguka. Ukiweka NA pale, alarmi itangoja mabaya yote matatu yafike siku moja. Shika hivi: ruhusa inataka NA, alarmi inataka AU. Na ukigeuza fomula ya ruhusa kuwa ya alarmi, geuza yote: NA inakuwa AU, < inakuwa >=, >= inakuwa <. Ukigeuza nusu, umeharibu.

Uliza vilevile: namba ikisimama juu ya mupaka wenyewe, iko upande gani? CO ikiwa 25 sawasawa, u1 < 25 inajibu 0. Lakini u1 <= 25 inajibu 1. Mustari mudogo chini ya alama ndio unaoamua.

USIULIZE MASWALI MAWILI KWA PUMZI MOJA

Kuna mutego ambao hata watu wa masomo makubwa wanaanguka ndani yake. Oksijeni sharti isiwe chini ya 19,5 kwa 100, na isipite 23,5, kwa sababu ikizidi, moto unashika kwa nguvu, kama pale chupa ya kusudia inapovuja. Katika daftari la shule tunaandika:

19.5 <= u3 <= 23.5

Mwalimu anafahamu. Kisanduku kinachosoma kutoka kushoto hakifahamu vile. Kwanza kinauliza: 19.5 <= u3? Jibu ni 1 ao 0. Kisha kinachukua hilo jibu, si oksijeni, na kuuliza: je, ni ndogo kuliko 23.5? Lakini 1 ni ndogo kuliko 23.5. Na 0 ni ndogo vilevile. Jibu litakuwa "ndiyo" siku zote!

Tuseme oksijeni imeshuka mupaka 12 kwa 100. Kwa kiasi hiki mutu anapoteza akili na nguvu, na anaweza kuzimia. Kisanduku kinauliza: 19.5 <= 12? Hapana, 0. Kisha: 0 <= 23.5? Ndiyo. Taa inawaka. Inawaka hata kama hakuna oksijeni kabisa.

Njia ya sawa ni kuuliza mara mbili na kufunga na NA:

(u3 >= 19.5) & (u3 <= 23.5)

Jambo moja linafanana na hili. Alama = tuliletewa na Robert Recorde, mutu wa Wales, katika kitabu cha mwaka 1557. Lakini katika Scilab na Simulink, kuuliza kama vitu viwili ni sawa kunaandikwa na alama mbili, ==. Alama moja inasema "weka", alama mbili zinauliza "je, ni sawa?". Kapita anayesema "fanya hivi" na kapita anayeuliza "je, umefanya?" hawasemi neno moja.

VIPIMO NA NUKTA

Herufi haina kipimo usoni. Q yetu ni 10 kwa segonde. Kwa dakika, hewa ileile ni 600. Mutu akipima kwa dakika na kuandika 600 katika kisanduku kinachongoja segonde, hewa ya karatasi imezidi mara 60, na muda wa kungoja unapunguka mara 60. Mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo cha anga, Mars Climate Orbiter, kwa sababu programu moja ilitoa nguvu kwa kipimo cha Kiingereza na nyingine ikaisoma kwa kipimo cha metre. Watu wa masomo makubwa, na chombo cha mali nyingi! Basi nasi tusione haya kuandika kipimo pembeni ya kila namba.

Nukta vilevile. Shuleni kwetu, kwa mufano wa Kifaransa, tunaandika 19,5 na mukato. Ndani ya fomula ya programu hizi inaandikwa 19.5 na nukta, kwa sababu mukato una kazi nyingine, ya kutenga vitu viwili. Anayejaza namba sharti ajue.

UKIGAWANYA KWA ZERO

Angalia tena V / Q. Vantilatere ikisimama kabisa, Q ni 0. Mwalimu alisema hatugawanyi kwa zero. Ordinatere inasimama na kulalamika, ao inaandika alama ya kitu kisicho na mwisho. Kwa mara moja haijakosa: bila hewa kupita, muda wa kungoja hauna mwisho. Ukikaa mwaka muzima, huwezi kusema gazi imetoka.

Wamama, fomula hii iko nyumbani kwenu. Wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, watu wengine wanaingiza mbabula ya makala ndani ya chumba, wanafunga mulango na dirisha, wanalala. Makala yanatoa CO ileile ya baruti. Chumba ni V. Dirisha lililofungwa linafanya Q kuwa karibu na zero. Na mbabula haitoi gazi mara moja kama baruti, inaongeza kila dakika. Hapo hakuna muda wa kungoja, kuna gazi kupanda tu, na watoto wamelala. Mbabula ipikie inje, na ikae inje, hata ikiwa makala yanaonekana yamezima. Vijana munaosoma hesabu, muwaeleze wadogo wenu kwa fomula hii.

WEWE UFANYE NINI?

Utasema: "Mimi natoboa mwamba, sigusi ordinatere." Lakini namba zinazoingia katika visanduku zinatoka kwako. Ordinatere hainusi. Haioni bomba lililotoboka. Kama L halisi ni 4 na hakuna mutu aliyesema, injeniere ataandika 0, na fomula yenye mabano mazuri itatoa muda wa uongo. Basi shika haya:

1. Ukiona bomba la hewa limetoboka, limejikunja ao liko mbali na pahali pa kazi, mwambie kapita mbele ya baruti, si nyuma. Aandike katika kitabu cha posti.

2. Kama kazi yako ni kupima hewa ao gazi, andika namba uliyoisoma, pamoja na kipimo chake, saa na pahali. Usiandike ile ya jana.

3. Njia ikiongezeka urefu, V imeongezeka. Muda wa kungoja uliohesabiwa kwa metre 60 hautoshi kwa metre 90. Uliza kama hesabu imefanywa tena.

4. Katika mukutano wa usalama, mujumbe wenu anaweza kuuliza injeniere maswali manne: Mabano yako wapi? Ruhusa imefungwa na NA? Vipimo ni segonde ao dakika? Umejaribu fomula kwa namba mbaya ili uone kama inakataa?

5. Swali hili la mwisho ndilo kubwa. Fomula ya usalama haijaribiwi kwa hewa nzuri tu. Weka oksijeni 12. Weka NO2 3. Weka Q zero. Kama taa ya ruhusa inawaka, fomula ni mbovu, hata kama picha ni nzuri.

6. Usiingie kwa sababu saa imefika tu. Ngoja mutu mwenye madaraka apime kwa chombo cha gazi na kutoa ruhusa. Hesabu inasema lini kwenda kupima. Chombo ndicho kinachosema kama hewa ni nzuri.

7. Kichwa kikiuma, miguu ikilegea, ao wenzako wawili wanalalamika pamoja, tokeni wote mwende kwenye hewa safi, na muje dispansere. Mwenzako akianguka, usimukimbilie bila chombo cha kupumua. Ita watu wa kuokoa, la sivyo tutawabeba wawili.

Chini ya udongo, kama Kipushi ambako watu walianza kuchimba mwaka 1924, hewa ya mutu haiji peke yake. Inaletwa na vantilatere, na bomba, na mutu anayehesabu, na mutu anayesema ukweli juu ya tundu aliloliona. Fundi hukaza bulo ndogo kwa sababu anajua bulo moja ikilegea masini nzima inaweza kuvunjika. Mabano ni bulo. NA ni bulo. Nukta ni bulo. Mukiwa na swali juu ya gazi ao juu ya moshi wa nyumbani, mulango wa dispansere uko wazi kwa kila posti, na kwa wamama vilevile.